Soksi za kubana vigimbi hufanya kazi ukiwa umekaa

Siku ya mbio ndefu, simama kando ya barabara uangalie miguu, nyuso uziache. Kati ya wakimbiaji wa kawaida wa Moshi, Nairobi au Dodoma hukosi kuona soksi zilizopanda hadi chini ya goti, za waridi, za kijani kinachowaka, nyeusi zenye mistari, zimebana kigimbi mpaka umbo la msuli linachoreka. Wengine wamevaa mirija tu isiyo na wayo, wengine skintaiti tangu kiunoni. Boksi zake huahidi mambo matatu kwa mpigo: damu itazunguka vizuri, asidi laktiki itaondoka, misuli haitachoka mapema. Ahadi ya kwanza ina ukweli, ila si kwa mguu unaokimbia. Ya pili haina maana. Ya tatu imepimwa mara nyingi na majibu yake hayamfurahishi muuzaji.

Tunachosema ni kwamba soksi ya kubana humfaa mwenye mguu uliotulia. Mguu unaokimbia una pampu yake, tena kali kuliko kitambaa chochote. Mkimbiaji akilielewa hilo atajua avae lini, avue lini, na pesa yake aipeleke wapi.

Damu ikishafika kwenye wayo inatakiwa kupanda tena hadi moyoni, zaidi ya mita moja kwenda juu, kupitia vena, ambazo kuta zake ni nyembamba. Mtu mzima akisimama wima bila kusogea, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika karibu milimita 90 za zebaki, ile mmHg unayoisoma ukipimwa presha zahanati. Nguzo nzima ya damu kutoka moyoni inakuwa imelalia pale chini. Akianza kutembea, kila kigimbi kinapojikaza kinaziminya vena zilizopita katikati ya nyama yake, damu inarushwa juu, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena zinajifunga ili isirudi. Baada ya hatua chache tu, ile 90 inashuka chini ya 30. Ndiyo maana madaktari hukiita kigimbi moyo wa pili. Kazi kubwa hufanywa na misuli miwili: gastroknemio, ule wenye mafungu mawili unaotokeza mtu akisimama kwa ncha za vidole, na soleo, mpana zaidi, uliojificha chini yake.

Sasa weka soksi kwenye mizani hiyo. Soksi ya michezo iliyotengenezwa vizuri hubana kwa mmHg 15 hadi 25 hivi kwenye kifundo, na kwenye kigimbi hubaki zaidi kidogo ya nusu ya hapo. Ndani ya soleo, pale mkimbiaji anaposukuma ardhi, presha ya msuli wenyewe hupita 100. Kitambaa kinachoongeza 12 kutoka nje ni kama mtoto anayesukuma lori ambalo injini yake inawaka. Atajiona anasaidia, na lori litakwenda kweli.

Kuna anayedhani dawa ni kubana zaidi. Mwaka 2013 mtafiti wa sayansi ya michezo Billy Sperlich na wenzake walichapisha jaribio la kuvutia: wanaume sita waliofanya mazoezi makali ya baiskeli walibanwa paja moja kwa takriban mmHg 37, paja la pili likaachwa huru, kisha wakachunguzwa kwa mashine inayoonyesha damu ikiingia ndani kabisa ya msuli. Mtiririko wa damu kwenye paja lililobanwa ulipungua. Sukari iliyochukuliwa na msuli haikuongezeka. Wala si muujiza. Presha ya nje haichagui, inaminya vena zinazotoa damu na inaminya pia mishipa midogo inayoileta. Sehemu ya juu ya ngozi inaweza kuonekana imebanwa vizuri na mwenyewe akajisikia mwepesi, huku nyama ya ndani ikipokea damu kidogo kuliko ya paja lisilobanwa. Kumbuka pia kwamba wale walipimwa wakiwa wamepumzika baada ya kazi, saa ambayo kubana kunatarajiwa kusaidia. Kwa hiyo hata mguu uliotulia una kiwango chake, na skintaiti unayoivuta kwa watu wawili ndipo uivae si sifa.

Hoja nyingine ya watengenezaji ni mtetemo. Mguu ukitua, mshtuko hupanda kutoka kisigino, na nyama ya kigimbi na paja hutikisika kama maji kwenye dumu lililobebwa kichwani. Mwenye hatua 170 kwa dakika, akikimbia saa nne, amepiga hatua zaidi ya 40,000. Ni rahisi kuamini kwamba ukipunguza kutikisika huko unapunguza uchovu. Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kililipima jambo hili chini ya Ajit Chaudhari, na matokeo yakatangazwa 2017. Wanaume 17 wenye uzoefu walikimbia dakika 30 kwenye mashine kwa siku mbili, siku moja wakiwa na skintaiti za kubana, siku nyingine bila. Mtetemo ulipungua kweli. Nguvu za miguu na urefu wa kuruka, vilivyopimwa kabla na baada ya kukimbia, havikutofautiana. Fedha za utafiti zilitoka Nike, wauzaji wa nguo hizo hizo, na hilo linatufanya tuyaamini zaidi matokeo hayo, maana hayakumpendelea mlipaji.

Haki ya upande wa pili isemwe. Mwaka 2009 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, wakiongozwa na Wolfgang Kemmler, walipima wanaume 21 wa kiwango cha wastani, na waliovaa soksi za kubana walidumu kwenye mashine zaidi kidogo ya dakika moja kabla ya kushindwa, katika zoezi la dakika kama 35. Hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Tatizo ni kwamba walilinganishwa na wao wenyewe wakiwa hawana soksi hizo, na kila mmoja alijua fika siku gani kavaa nini. Dawa unaweza kuijaribu kwa kumpa mwenzako kidonge cha sukari asijue. Soksi huwezi kuificha, mguu wenyewe unasema. Kwenye Chuo Kikuu cha Indiana wakimbiaji 16 wa kiwango cha juu walipimwa oksijeni wanayotumia kwa mwendo uleule, wakiwa na mirija ya kubana vigimbi na wakiwa bila. Kwa wastani hakukuwa na tofauti, lakini ukimtazama mmoja mmoja, kuna waliopata nafuu na kuna walioharibikiwa, na waliopata nafuu walielekea kuwa wale wenye imani na mavazi hayo tangu mwanzo.

Imani si kitu cha kudharau kilomita ya 34. Kama kubanwa kunakufanya ujisikie umefungwa vizuri, vaa. Tunachopinga ni mtu kununua soksi akidhani amenunua dakika, huku raba zake zimeisha soli. Paula Radcliffe, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya 2:15:25 tangu London 2003 hadi 2019, alizoeleka kwa soksi zake ndefu, na picha zake ziliuza jozi nyingi. Eliud Kipchoge na kizazi chake wameshinda wengi wao vigimbi vikiwa wazi.

Asidi laktiki tuimalize haraka. Lakteti, yaani asidi hiyo inavyokuwa ndani ya damu, inayopanda wakati wa mbio kali ni nishati, moyo na misuli mingine huichoma, na ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza huwa imerudi kawaida, soksi iwepo isiwepo. Yale maumivu ya kushuka ngazi kinyumenyume kesho yake na keshokutwa yanatokana na nyuzi za msuli kuchanika kidogo na kuvimba, hasa pale msuli unapofanya kazi huku ukirefushwa, yaani kwenye mteremko.

Na hapa kuna kosa tunaloliona sana. Mbio za Kilimanjaro pale Moshi hupandisha kuelekea Mweka kisha humshusha mkimbiaji kurudi mjini. Mteremko ule hulipwa na msuli wa mbele ya paja, ndio unaoshika breki kila hatua. Mtu anamaliza, paja linawaka moto, halafu anavaa soksi inayoishia chini ya goti na kulalamika kwamba haikumsaidia. Ingemsaidiaje? Haijaligusa paja. Aliyeumia kwa mteremko na anataka kujaribu kubana basi avae skintaiti, na hata hapo asitarajie makubwa, kwa sababu tutakayoieleza tukifika kwenye hesabu ya mduara.

Kuhusu kupona, wataalamu hawajakubaliana. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 12 uliona nguo za kubana zinapunguza maumivu na kuharakisha kupona kwa nguvu. Uchambuzi wa 2022 wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, na wenzao, uliojumlisha majaribio 19 na watu 350, haukuona msaada wowote kwa nguvu za misuli, wakati wa zoezi wala baada yake. Nchini Australia, wakimbiaji 33 waliomaliza marathoni waligawanywa makundi mawili, moja likavaa soksi za kubana kwa saa 48 baada ya mbio. Wiki mbili baadaye walipokimbizwa kwenye mashine mpaka wachoke, waliovaa walidumu asilimia 2.6 zaidi ya walivyodumu kabla ya marathoni, na wasiovaa wakapungua asilimia 3.4. Kundi ni dogo, tofauti ni ndogo. Sisi tunasoma hivi: maumivu huenda yakapungua, uvimbe nao, nguvu zenyewe zitarudi kwa ratiba yake ya kula, kulala na kutembeatembea. Ukiamua kujaribu, vaa ndani ya saa moja baada ya mbio, ukiwa umeoga na kukauka, kaa nazo hadi jioni ya siku ya pili, ukivua kuoga na kukagua ngozi.

Ushahidi wenye uzito uko safarini. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaojumlisha tafiti za tiba, kuhusu abiria wa ndege, safari nyingi zikiwa za saa saba na zaidi, yalikusanya majaribio tisa yenye watu 2,637 ambao nusu walivaa soksi za kubana miguu yote miwili na nusu hawakuvaa. Watu 50 walikutwa na damu iliyoganda ndani ya vena za mguu bila wao kuhisi dalili yoyote. Watatu walikuwa wamevaa soksi. Arobaini na saba hawakuvaa. Hapo hakuna mbio, hakuna msuli unaojikaza, pampu imezimwa, goti limekunjwa, na kiti kinabana nyuma ya paja. Kila sababu inayoifanya soksi isiwe na kazi barabarani inaipa kazi hapa. Mkimbiaji wa Dar es Salaam anayemaliza Moshi Jumapili asubuhi na kupanda basi la kurudi, zaidi ya kilomita 500, akiwa amepungukiwa maji na vigimbi vimevimba, yuko karibu zaidi na yule abiria wa ndege kuliko na mkimbiaji wa kwenye boksi. Huyo ndiye tungemwambia avae, na basi likisimama kuchimba dawa ashuke atembee hata kama hana haja.

Kwenye mabasi hayo chagua soksi kamili yenye wayo. Ile mirija isiyo na wayo hubana kigimbi na kuacha kifundo na unyayo wazi, hivyo maji ya mwilini hujikusanya chini ya ukingo wake na mguu unavimba kama andazi. Kwa kukimbia mirija haina neno, unabaki na soksi zako za kawaida ulizozoea ndani ya raba.

Namba sasa. Soksi isiyoandikwa mmHg ni soksi ndefu tu, hata iwe na maandishi ya dhahabu. Kwa mkimbiaji mwenye afya, 15 hadi 20 inatosha kwa safari, na 20 hadi 30 ndiyo ya juu anayopaswa kununua bila kuandikiwa na daktari. 30 hadi 40 ni ya wagonjwa wa vena. Namba hiyo husemea kifundo, mahali pembamba zaidi, na presha inapaswa kupungua kadiri soksi inavyopanda. Utaratibu huo wa kushuka ulianzia kwa Conrad Jobst, mhandisi wa Toledo, Ohio, aliyesumbuliwa na vena zilizovimba miguuni. Aligundua kwamba akisimama kwenye bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu, kwa kuwa maji hubana zaidi kadiri unavyokwenda chini, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kutengeneza soksi zinazoiga maji.

Hesabu yake haihitaji chuo. Presha ya kitambaa kwenye mguu ni mvuto wa kitambaa ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha mguu. Chukua kifundo chenye mzunguko wa sentimita 22, kigimbi cha 36 na paja la 55. Kwa mvuto uleule, kama kifundo kinapata 20, kigimbi kinapata 20 mara 22 gawanya kwa 36, yaani kama 12, na paja linapata 8. Ndiyo ile sababu tuliyoiahidi: skintaiti ya dukani, hata ikikubana kiasi cha kukuacha na alama, kwenye paja inatoa presha ndogo sana, isipokuwa kitambaa cha juu kimefumwa kwa mvuto mkubwa zaidi. Kwa vitendo mguu mnene huvuta kitambaa zaidi na presha hupanda tena, kwa hiyo namba zako hazitakuwa hizi kamili. Mwelekeo ndio huo. Na unaeleza pia kwa nini watu huumia mbele ya mguu: ule ukingo wa mfupa wa ugoko una mpindo mkali, nusu kipenyo chake ni kidogo sana, basi presha hulundikana pale na kuchubua ngozi, wakati vishimo viwili vya pembeni ya kifundo, ambako uvimbe hupenda kukaa, kitambaa hupita juu yake bila kugusa sawasawa.

Kwa sababu hiyo saizi ya kiatu haitoshi. Pima asubuhi kabla mguu haujavimba, kwa futi ya fundi cherehani. Chukua mzunguko wa kifundo mahali pembamba kabisa juu ya mifupa miwili, kisha kigimbi mahali panene kabisa, kisha urefu kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti ukiwa umekaa goti limekunjwa. Pima miguu yote miwili. Vigimbi kupishana sentimita moja ni kawaida. Ukiangukia kati ya saizi mbili, fuata kipimo cha kifundo.

Kuvaa kuna ufundi wake. Igeuze soksi ndani nje mpaka kwenye kisigino, ingiza vidole, kalisha kisigino mahali pake kwanza, ndipo uipandishe kidogo kidogo kwa viganja, si kwa kuivuta kutoka ukingo wa juu. Usipake mafuta kabla. Kosa kubwa kuliko yote ni soksi iliyozidi urefu kukunjwa juu. Mkunjo mmoja ni tabaka mbili, presha mara mbili, tena karibu na goti ambako ilitakiwa kuwa ndogo kuliko kote. Hapo umejifunga kamba chini ya goti na kuziba njia ya damu uliyotaka kuisaidia. Vidole vikipata ganzi, vikibadilika rangi, au ukibonyeza ukucha na rangi ikachelewa kurudi kupita sekunde mbili, vua.

Joto nalo ni gharama. Vitambaa hivi huongeza joto la ngozi inayofunikwa, na kwenye unyevu wa Dar au Mombasa ngozi ya kigimbi ni eneo la kutolea jasho ambalo hupaswi kulifunika bila sababu. Kwa baridi ya alfajiri ya Iten, mita 2,400 juu ya bahari, skintaiti ina kazi nyingine kabisa, ya kutia misuli joto, na hiyo haina ubishi.

Wapo wasiopaswa kugusa soksi hizi bila daktari. Mwenye kisukari cha muda mrefu ambaye nyayo zimekufa ganzi hatahisi soksi ikimla. Anayepata maumivu ya kigimbi akitembea umbali fulani, yakapoa akisimama, akianza tena yakarudi, pengine ateri zake, mishipa inayoleta damu mguuni, zimeziba, na mara nyingi huambiwa ni msuli, ajifunge. Daktari hulinganisha presha ya kifundo na ya mkono: ikiwa ya kifundo haifiki nusu ya ile ya mkono, kubana ni marufuku. Kijana ambaye kigimbi humkaza kila akifika dakika zilezile za mbio, kikawa kigumu kama jiwe na wayo kufa ganzi, huenda msuli wake unavimba ndani ya utando mgumu unaouzunguka, na kuongeza kubana kwa nje ni kumzidishia. Na kigimbi kimoja kilichovimba, kuuma na kupata joto baada ya safari ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hakivishwi soksi wala hakisuguliwi.

Soko la mitumba, Karume au Gikomba, lina soksi nyingi za aina hii, nyingine za kampuni kubwa, kwa bei ya kuchekesha. Kinachobana ni uzi wa elastani uliofumwa pamoja na nailoni, na uzi huo huzeeka kwa matumizi, jua, pasi na dawa ya kung'arisha. Soksi inayovaliwa kila siku hupoteza kubana kwake ndani ya miezi mitatu hadi sita, na ya mtumba tayari imeshaishi maisha yake kwingine. Ivute kwa upana kwenye kifundo, uihesabie sekunde kumi, uiachie. Ikibaki na tumbo, irudishe kwenye fungu. Ingiza mkono ndani na uitanue kwenye mwanga: vinyuzi vyeupe vilivyokatika na kuchomoza kama nywele ni elastani iliyokufa. Ukibahatika na nzima, ifue kwa mkono na maji ya uvuguvugu, ikamue kwa kuiviringisha kwenye taulo, na uianike kivulini ikiwa imelala.